Prado, Vanguard au RAV4? Hesabu ya gari la familia kwa mtu wa Arusha na Moshi

Swali la gari la familia huku kaskazini huulizwa kwa mkato. "Mangi, unataka kubwa au ndogo?" Dalali akishauliza hivyo, mnunuzi naye anajibu kwa neno moja, na hapo ndipo hela zinapoanza kupotea. Ndani ya hilo "kubwa" mmebanwa mambo ambayo hayana uhusiano wa lazima: urefu wa bodi, ujazo wa injini, namna gari lilivyoundwa chini, na idadi ya magurudumu yanayovuta. Gari linaweza kuwa fupi na likawa na injini kubwa. Linaweza kuwa refu na halina 4WD, yaani kuvuta kwa magurudumu yote manne. Linaweza kuinuka kutoka ardhini sawasawa na Prado na bado likakwama mahali ambapo Prado ingepita taratibu. Kila jambo kati ya hayo lina bili yake, na bili haziji siku moja. Nyingine utaikuta TRA, mamlaka ya mapato, nyingine sheli, nyingine gereji ukiwa umeshasahau bei uliyonunulia.

Chukua RAV4 na Vanguard. Watu wengi wanazitazama kama magari mawili tofauti, lakini ni ndugu wa tumbo moja. Toyota ilianza kuuza Vanguard nchini Japani mwaka 2007, na kwa sehemu kubwa ni RAV4 ya kizazi cha tatu iliyorefushwa: umbali kati ya tairi za mbele na za nyuma uliongezwa sentimita 10, kutoka milimita 2,560 hadi 2,660, na bodi nzima ikawa ndefu zaidi kwa sentimita zipatazo 23. Injini ya kawaida ya zote mbili ni ile ile, 2AZ ya 2400 cc, na gia boksi ni CVT, ile isiyo na hatua za gia. Kwa hiyo anayechukua RAV4 akidhani amekimbia mafuta na kodi za Vanguard hajakimbia kitu. Alichookoa ni nafasi ya kuegesha. Alichoacha ni siti ya nyuma kabisa na buti pana.

Hiyo siti ya nyuma kabisa ndiyo inayouza Vanguard nyingi mjini, na nadhani ndiyo inayodanganya wengi vilevile. Ni kweli Vanguard nyingine zina siti saba. Lakini safu ya tatu imetengenezwa kwa watoto, au kwa mtu mzima anayeshuka baada ya kilomita chache. Mweke shangazi pale kutoka Njiro hadi Rombo uone kama atarudi na wewe. Na siti hizo zikishainuliwa, buti inabaki kama rafu. Desemba familia inapokwenda kijijini haiendi mikono mitupu: kuna mchele, sukari, mafuta, mabegi ya watu saba. Kurudi kuna mikungu ya ndizi na gunia la viazi. Siti saba na mizigo ya watu saba haviingii kwenye gari la aina hii kwa pamoja, mpaka uweke keria juu. Prado ya siti saba ina kasoro hiyo hiyo, ila kwa kiwango kidogo. Ile ya 2002 hadi 2009 siti zake za nyuma hukunjwa na kuning'inizwa pembeni, zikila upana wa buti hata zisipotumika. Ya 2009 na kuendelea zinazama sakafuni.

Kama shida yako ya kweli ni viti, na si matope, gari linaloitwa Noah lilishajibu swali hilo zamani. Hubeba abiria kupandisha milimani kila siku, wengi kuliko siti zake. Tatizo la Noah ni la heshima tu. Watu hawataki kuegesha kanisani gari linalofanana na lililowaleta abiria. Sibishani na heshima, ila nashauri mtu aitambue kuwa ni heshima anayoilipia, asiiite mahitaji ya familia.

Sasa kodi, maana hapa ndipo maneno ya mtaani yamepinda kuliko popote. Wengi wanaamini kwamba gari kubwa linaumiza kwa sababu ya cc. Tuone. Kwa viwango vilivyozoeleka miaka ya karibuni, gari lililotumika likiingia Tanzania linatozwa ushuru wa forodha asilimia 25 ya thamani yake pamoja na nauli ya meli na bima. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa kulingana na injini: hadi 1000 cc hakuna, zaidi ya hapo hadi 2000 cc ni asilimia 5, kuzidi 2000 cc ni asilimia 10. Kuna ushuru mwingine wa uchakavu, asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10 na asilimia 30 kwa lililozidi miaka 10. Mwisho wa yote VAT asilimia 18, ambayo inapigwa juu ya jumla yote hiyo. Zipo tozo nyingine ndogo, na bajeti ya kila Juni inaweza kugusa viwango, lakini mifupa ya hesabu ndiyo hii.

Tuseme TRA imelithamini gari kwa shilingi milioni 10. Kumbuka thamani hiyo inatoka kwenye mfumo wao wa kukadiria magari yaliyotumika, kwa hiyo risiti ya kununulia isikupe matumaini makubwa. Likiwa la 2000 cc na lina zaidi ya miaka 10, kodi hizo zitafika kama milioni 9.9. Likiwa la 2400 cc, umri ule ule, zinafika milioni 10.65. Tofauti ya injini nzima ni kama laki saba na nusu. Sasa rudi kwenye lile la 2000 cc, lakini safari hii lichukue likiwa na miaka 9: kodi zinashuka hadi milioni 7.7. Likiwa na miaka 7, milioni 5.5. Umri umekwangua zaidi ya milioni nne, cc hazikufikisha hata moja. Bila shaka gari la miaka 7 litathaminiwa juu kuliko la miaka 12, kwa hiyo sehemu ya unafuu itamezwa na bei. Hata hivyo anayepigia hesabu cc peke yake ameshika mkia akaacha ng'ombe.

Kinachofanya Prado iume bandarini ni thamani yake. Kodi karibu zote ni asilimia, kwa hiyo gari lenye thamani mara mbili linalipiwa kodi mara mbili. Familia yenye bajeti ya RAV4 nzuri inapong'ang'ania Prado hufanya kitu kimoja tu kinachowezekana: inashuka miaka. Inachukua ya 2004, ya 2005, mara nyingi iliyokwisha kutumika hapa hapa nchini, na ndiyo maana nasema ulinganisho unaofanywa na dalali si wa haki. Anakuonyesha Prado na RAV4 kana kwamba zina hali moja. Kwa hela ile ile, unachochagua hasa ni gari kubwa lililochoka au dogo ambalo bado lina maisha. Ukiliweka swali hivyo, watu wengi wanabadili jibu wenyewe kabla ya kushauriwa.

Kwenye mafuta tusizunguke. Bei za juu za mafuta hutangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi na hupanda na kushuka, basi kwa hesabu tu tutumie shilingi 3,000 kwa lita. Prado ya petroli ya 2700 cc kwa mizunguko ya mjini si ajabu ikaenda kilomita 7 kwa lita. Gari la mwili wa kati kama X-Trail ya 2000 cc linaweza kufika 10. Anayetembea kilomita 1,500 kwa mwezi, yaani kupeleka watoto shule, kazini, sokoni na safari moja ya Moshi, atatumia kama 643,000 kwa Prado na 450,000 kwa X-Trail. Kwa mwaka pengo linapita milioni mbili na laki tatu. Hiyo ni ada ya mtoto. Bima kubwa nayo hukokotolewa kwa asilimia ya thamani ya gari, na tairi za Prado, zile 265/65 za rimu 17, zina bei yao ukilinganisha na 225/65 za RAV4.

Hapo mtu wa Kibosho au Marangu atanikatiza: "Kaka, hayo ni ya tambarare. Sisi tunapanda." Hoja yake ni nzito na inastahili kujibiwa kwa utulivu.

Injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa sababu hewa inazidi kuwa nyepesi. Arusha mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo gari la hapa linaishi likiwa limeshapungukiwa sehemu ya saba hivi ya nguvu zilizoandikwa kwenye karatasi, na ukiwa unakata kona za kupanda Uchaggani huku watu wamejaa unaisikia. Lakini tazama namba zenyewe. RAV4 ya 2400 cc ina nguvu za farasi 170 na uzito wa tani moja na nusu hivi. Prado ya 2700 cc ya petroli, ya 2009 na kuendelea, ina 163, na uzito wake unakaribia au kupita tani mbili. Gari kubwa ndilo lenye pumzi ndogo kwa kila kilo linayoibeba. Prado inayopanda bila kulalamika ni ya dizeli yenye turbo, au ile ya petroli ya 4000 cc ambayo nayo itakulalamisha sheli. Na hapa pana mtego kwa wanaoagiza: kizazi cha 2009 hakikuuzwa Japani na injini ya dizeli mpaka mwaka 2015. Ukiambiwa Prado ya dizeli ya 2012 "imetoka Japani", uliza vizuri ilikotoka. Huenda ni ya Uingereza, ambako barabarani hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi, na chumvi hiyo hula vyuma vya chini.

Upande wa RAV4, Vanguard na X-Trail, udhaifu wa mlimani si nguvu, ni CVT. Gia boksi ya aina hii hufanya kazi kwa mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na ikilazimishwa kupanda polepole muda mrefu ikiwa na mzigo, inapata joto. Haitakufa kwa safari ya Krismasi. Itakufa kwa fundi aliyeijaza oili ya gia boksi ya kawaida kwa sababu "zote ni hydraulic tu". CVT inataka oili yake, na inataka ibadilishwe hata kama kitabu cha Kijapani hakisisitizi, maana kitabu hicho hakikuandikiwa Rombo. Jambo jingine ni injini ya 2AZ yenyewe: zile za karibu 2006 hadi 2009 zinajulikana kwa kula oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Vuta dipstiki kabla hujavuta pochi.

Tukija kwenye matope, watu wanachanganya mambo mawili: gari kuwa juu, na gari kuweza. Subaru Forester ya kizazi cha 2012 imeinuka milimita 220 kutoka ardhini. Prado ya 2009 nayo ni 220. Hakuna anayezitazama akaamini, lakini ndivyo zilivyo. Tofauti iko kwingine. Prado imejengwa juu ya chesisi, vyuma viwili virefu vinavyobeba bodi, kwa hiyo shimo likipigwa kila siku kwa miaka, mateso yanaishia chini. Ina 4WD ya muda wote na ina L4, ile gia nzito inayoliwezesha gari kutambaa likiwa na nguvu kamili kwenye tairi. RAV4 na X-Trail hazina chesisi ya hivyo, bodi yenyewe ndiyo mifupa. Kwenye lami huvuta zaidi kwa tairi za mbele, na zikianza kuteleza, kompyuta inapeleka nguvu nyuma kupitia klachi ya umeme. Kwenye utelezi wa mita 50 wa masika, kutoka lami hadi getini kwako Moshono au Olasiti, mfumo huo unatosha kabisa. Kwenye kilomita 20 za udongo mweusi wa mbuga kule Simanjiro mvua ikiwa imenyesha, klachi hiyo itapata joto na kujizima, na utaanza kutafuta watu wa kusukuma.

Kwa hiyo jiulize unaenda wapi kweli, si unakowaza kwenda. Arusha hadi Moshi ni lami, kilomita kama 80. Marangu hadi Tarakea lami. Karatu lami mpaka lango la Ngorongoro. Namanga lami, Babati lami, Dar es Salaam lami yote kupitia Same na Korogwe. Familia nyingi za hapa, matope yao ni yale ya uchochoro wa nyumbani na yale ya kihambani, kwenye shamba la ukoo kijijini. Na huko kihambani gari dogo lina faida ambayo haiandikwi kwenye tangazo lolote: njia zimebanwa na ua wa masale pande zote mbili, na ukikutana na mwenzako mmoja lazima arudi nyuma. Prado ina upana wa milimita 1,885 na urefu wa karibu mita 4.8. RAV4 fupi ni kama mita 4.3. Ukirudi rivasi kwenye kona ya mteremko, gizani, mfereji wa maji ukiwa kushoto, utajua nusu mita ni kitu gani.

Kuna hoja moja ya Arusha peke yake nimeisikia mara nyingi: mji huu umejaa Land Cruiser za watalii, mafundi wamezizoea, basi Prado hapa haiwezi kukusumbua. Ina ukweli nusu. Mafundi wa hapa kweli wanajua chesisi, difu, bushi na shokapu za magari mazito kuliko mafundi wa miji mingi. Lakini gari la watalii la kawaida ni Land Cruiser ya mfululizo wa 70 yenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo, pampu yake ikiwa ya kimakanika. Fundi anaifungua kwa spana na sikio. Prado ya dizeli ya 3000 cc, 1KD, inaendeshwa kwa kompyuta na nozeli za shinikizo kubwa, na nozeli hizo ndizo ugonjwa wake unaojulikana. Zinataka mashine ya kupimia na dizeli safi. Kukaa jirani na gereji ya magari ya safari hakukupi fundi wa 1KD, kama ambavyo kukaa jirani na hospitali ya macho hakutibu meno.

Kama ningeulizwa na mke na mume wa Sakina au Soweto ya Moshi, watoto wawili au watatu, bibi anayekuja mara kwa mara, ningesema wachukue la kati, la 2000 cc, lenye 4WD, changa kadiri mfuko unavyoruhusu, na wasiumize kichwa kuhusu siti ya sita na ya saba. Safari mbili za mwaka zinazohitaji siti hizo, wakodi Noah mapema kabla ya Desemba haijapandisha bei. Forester au X-Trail zinaingia hapo, na Escudo pia, hasa kwa mtu anayetaka L4 kwenye mwili mdogo, ingawa kwa mafuta Escudo haina huruma. Vanguard ningempa mwenye watoto wadogo wanne, akijua injini yake ni ya RAV4 na kodi yake ni ya kuzidi 2000 cc. Prado ni ya mtu ambaye lami inaishia mbali na anakolala au anakofanyia kazi: mwenye shamba Simanjiro, mkandarasi, daktari wa mifugo anayezunguka Monduli na Longido. Huyo asipoichukua atajuta, na gharama zake zote nilizotaja atazirudisha kwa kutolala njiani. Prado pia haishuki bei haraka ukitaka kuiuza, na hilo ni la kweli, mradi ufike siku ya kuuza injini ikiwa bado nzima.

Jambo la mwisho ni la kuangalia kwa macho. RAV4 na Vanguard nyingi ziliuzwa Japani zikiwa za kuvuta mbele tu, na kwa nje hazitofautiani na ndugu zao. Dalali atasema "four wheel" kwa sababu gari liko juu. Usibishane naye, soma namba ya chesisi. RAV4 ya 2400 cc ikianza na ACA31 ni 4WD, ikiwa ACA36 inavuta mbele tu. Kwa Vanguard ya 2400 cc, ACA33 ndiyo 4WD na ACA38 siyo. Namba ikiwa imefutika au muuzaji anasitasita kuionyesha, inama uchungulie chini kwa nyuma: gari la 4WD lina propela shafti inayotoka mbele hadi kwenye difu ya nyuma. Usipoiona, punguza bei au ondoka.